Kioo Kikubwa Katika Chumba Kidogo: Namna ya Kuchagua Runinga Bila ya Kuiumiza Nyumba



Kware ni mtaa ulioko Embakasi Kusini, jijini Nairobi, ukipakana na Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Jina lake latokana na machimbo ya mawe, na ukiingia ndani utaona kwamba mawe hayo yamegeuka kuwa nyumba: ghorofa juu ya ghorofa, zimebanana hata jirani wa ploti hii aweza kumpa chumvi jirani wa ploti ile kupitia dirishani. Humo wamo jamaa zetu waliotoka Mombasa, Kwale, Malindi na Lamu kutafuta riziki katika viwanda na maghala ya Nairobi. Wengi wao hukaa chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, au kuzidi kidogo. Kitanda kipo upande huu, pazia katikati, viti viwili upande wa pili, na jiko la gesi mlangoni.

Katika chumba hicho ndimo familia nyingi sasa zataka kuingiza runinga kubwa. Wako wanaowacheka kwa jambo hili, wakisema kwamba mtu wa chumba kimoja hana haja na kioo cha inchi hamsini na tano. Lakini mwenye kucheka hajasikiliza sababu za akina mama. Ploti nyingi hazina uwanja wa watoto kuchezea, wala ukumbi wa wageni. Kijana wa miaka kumi na mitatu asipopata mpira nyumbani, huufuata katika kibanda cha video, alipie shilingi chache, akae usiku kati ya watu wazima wenye sigara na karatasi za kamari. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, masomo yalipeperushwa katika runinga na redio, na nyumba isiyokuwa na kioo iliachwa nyuma. Na ikifika Ramadhani, wako wazee ambao furaha yao ni kuiona Haram ya Makka wakati wa tarawehe, nao macho yao hayawezi tena kusoma kioo cha simu.

Basi haja ipo, na ni haja ya kweli. Suala ni kuipata haja hiyo bila ya kuingia katika deni linalokula karo ya shule na kodi ya nyumba. Runinga iliyonunuliwa ili kuwarudisha watoto nyumbani isije ikawa ndiyo iliyowarudisha kutoka shuleni.

Pima chumba kabla ya kuuliza bei

Watu wengi huanza na bei, kisha ukubwa, na chumba hukumbukwa wakati runinga imeshafika mlangoni. Mpango mzuri ni kinyume cha hivyo.

Ukubwa wa runinga hupimwa kimshazari, yaani kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya upande wa pili. Kwa hiyo inchi arubaini na tatu si upana wake. Runinga ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Ya inchi 43, sentimita 95. Ya inchi 50, sentimita 111. Ya inchi 55, sentimita 122. Na ya inchi 65, sentimita 144. Chukua utepe wa fundi cherehani, uweke ukutani, kisha ubandike karatasi kwa kipimo hicho. Hapo utajua kama mlango wa kabati bado utafunguka.

Lakini kipimo kilicho muhimu zaidi ni umbali wa jicho. Kanuni nyepesi ni kuchukua mshazari wa kioo na kuuzidisha kwa moja na nusu hadi mbili na nusu. Kioo cha inchi 32 ni sentimita 81, basi mtazamaji akae kati ya mita moja na robo na mita mbili. Kioo cha inchi 43 chataka mita 1.6 hadi 2.7. Kioo cha inchi 55 chataka mita mbili na kitu hadi mita tatu na nusu.

Sasa tukipime chumba cha Kware. Futi kumi ni mita tatu. Ondoa nafasi ya meza ya runinga na unene wa kiti, zimebaki mita mbili, au mbili na robo. Hapo inchi 43 yakaa kwa raha kabisa, na inchi 50 ndio mwisho wake. Inchi 55 itaingia, lakini atakayeketi karibu atalazimika kugeuza shingo, na watoto ambao kawaida yao ni kukaa sakafuni mbele ya wakubwa watakuwa umbali wa mita moja tu. Wenye nyumba ya vyumba viwili, sebule ikiwa na futi kumi na mbili au kumi na nne, hao inchi 55 yawafaa.

Jambo jingine: ukubwa hupanda kwa kasi kuliko namba. Kutoka inchi 32 hadi 43, namba imeongezeka kwa thuluthi tu, lakini eneo la picha limekaribia kuwa mara mbili. Mwenye kuhama kutoka 32 kwenda 43 ataona tofauti kubwa siku ya kwanza. Hatua hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi kwa shilingi, na kwa nyumba nyingi za Kware yatosha.

Uzuri wa picha hutegemea kinachoingia

Dukani utaambiwa maneno: HD, Full HD, 4K. Haya yote ni hesabu ya vitone vinavyounda picha. HD ya kawaida katika runinga ndogo ina vitone 1366 kwa mlalo na 768 kwa wima. Full HD ina 1920 kwa 1080. 4K ina 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya Full HD.

Mwenye kuuza hatakwambia kwamba runinga haiwezi kuonyesha kisichokuja. Matangazo mengi ya antena nchini Kenya hayafikii hata Full HD, wacha 4K. Ukiwa watazama habari, mpira wa bure na mawaidha kupitia antena, picha ya 4K haitakuwa safi zaidi kuliko ya Full HD katika kioo cha inchi 43. Katika inchi 55 na kuendelea, 4K ina maana, kwa sababu vitone vichache vikitandazwa katika eneo kubwa picha huonekana kama imeoshwa. Na kwa hakika runinga nyingi mpya za ukubwa huo huja na 4K tayari.

4K kupitia intaneti ina gharama yake. Saa moja ya filamu kwa picha ya kawaida hula kama gigabaiti moja. Kwa HD, tatu. Kwa 4K, saba. Mwenye kununua bando za simu ataumaliza mwezi wake kwa usiku mmoja. Mwenye waya wa wi-fi wa ploti, unaogawiwa vyumba ishirini, atakaa akitazama duara linalozunguka. Kabla ya kulipia runinga ya kisasa yenye intaneti, jiulize intaneti yenyewe itatoka wapi.

Halafu kuna suala la kipokezi cha ndani. Wasomaji wanakumbuka mwezi wa Februari 2015, pale mitambo ya zamani ilipozimwa na vituo vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu katika mvutano juu ya kuhamia dijitali. Tangu hapo Kenya hutumia mfumo uitwao DVB-T2. Runinga yenye alama hiyo yapokea vituo vya bure kwa antena tu, bila ya king'amuzi. Isiyokuwa nayo itakulazimu kununua king'amuzi kando. Iangalie alama hiyo katika boksi, uisome kwa macho yako, na umwambie muuzaji aitafute stesheni ukiwa umesimama.

Kware, palivyo na majengo marefu, antena ya ndani mara nyingi hukwamakwama. Antena ya nje ikiwekwa juu ya paa na waya kushushwa hadi chumbani hutatua tatizo hilo, lakini muombe ruhusa mtunza ploti kwanza.

Na projekta je?

Siku hizi vimejaa vijiprojekta vidogo vinavyokaa kiganjani, bei yake ni ya chini kuliko runinga ya inchi 32, na tangazo lasema vitatoa picha ya inchi mia moja na zaidi ukutani. Akina mama wengi wameshawishika, na si ajabu: hakuna kioo cha kuvunjika, na mchana kifaa chafichwa kabatini.

Projekta ina fadhila zake, tena chumba cha Kware kina sifa moja ambayo projekta huipenda: giza. Vyumba vingi vya ndani dirisha lake latazama ukuta wa jirani. Projekta haiwezi kutoa rangi nyeusi. Weusi wake ni ule ule wa ukuta uliopo. Ndiyo maana mwanga wa taa au wa jua ukiingia picha hufifia ikawa kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa lumeni, na hapa ndipo penye udanganyifu mwingi. Boksi laandikwa lumeni 9000 au 12000, na hiyo ni namba ya mapambo. Kipimo cha kuaminiwa ni kile kiitwacho ANSI. Vijiprojekta vya bei ndogo mara nyingi havifikii ANSI 300. Kwa chumba chenye giza na picha ya inchi 60 au 80, hiyo yavumilika. Kwa chumba chenye taa, yahitajika 2500 au zaidi, na bei yake ni ya runinga kubwa. Ikiwa boksi halikutaja ANSI kabisa, chukulia kwamba ni ndogo.

Udanganyifu wa pili ni neno "inapokea". Projekta yaweza kupokea picha ya 4K kisha ikaipunguza na kuitoa kwa vitone 1280 kwa 720, au hata 800 kwa 480. Uliza inayotoa, usiulize inayopokea.

La tatu ni masafa. Projekta nyingi za kawaida, ili kutoa picha ya inchi 80, zahitaji kusogezwa nyuma kama mita mbili na zaidi. Katika chumba cha mita tatu itakaa juu ya kitanda au juu ya kichwa cha mgeni, na kila apitaye atatia kivuli. Kisha projekta nyingi hazina kipokezi cha antena, basi utahitaji king'amuzi. Sauti yake ni ndogo, basi utahitaji spika. Na feni yake huvuma muda wote, nayo ikizibwa na vumbi kifaa huungua. Zile kubwa za maofisini zilizouzwa mitumba hutumia taa ambayo maisha yake ni saa elfu tatu hadi elfu tano, na taa mpya yaweza kuizidi bei ya projekta yenyewe. Zile za LED hudumu zaidi, lakini zikifa hazina matengenezo.

Projekta inafaa zaidi kwa mkusanyiko. Madrasa, kikundi cha akina mama, ukumbi wa harusi, au ploti iliyochangia pamoja ili vijana watazame mpira mahala penye mtu mzima wa kuwasimamia: hapo projekta moja nzuri yafanya kazi ya runinga kumi. Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda. Wazazi wa ploti wanaotaka kuwazuia watoto wasiende vibandani wana muda wa kujipanga na kuchanga.

Sokoni: mpya, mtumba, na ya jamaa wa ng'ambo

Kwa watu wa Eastlands soko la umeme ni Luthuli Avenue, katikati ya jiji, ingawa maduka ya mtaani nayo hayakosi. Luthuli bei hujadiliwa. Usinunue katika duka la kwanza. Pita matatu, andika aina na namba ya modeli, si jina la kampuni tu, kwa maana kampuni moja hutengeneza runinga nzuri na dhaifu kwa ukubwa ule ule.

Kabla ya kulipa, runinga iwashwe. Itiwe picha nyeupe tupu, kisha nyekundu, kisha nyeusi, utazame kama kuna vitone vilivyokufa au wingu la mwanga pembeni. Ijaribiwe sauti, rimoti, na kila tundu la HDMI na la flashi. Namba ya usajili iliyoko mgongoni ifanane na iliyoko katika boksi. Stika ya Shirika la Viwango, KEBS, iwepo. Risiti iandikwe modeli, namba ya usajili na muda wa waranti, na ujue kwamba kioo kilichopasuka karibu kila mara hakimo katika waranti. Kwa hivyo ukodi gari, au ulipie kupelekewa. Kuipandisha runinga ya inchi 50 katika matatu ya Outer Ring saa ya jioni ni kubahatisha mali.

Risiti si karatasi ya kutupa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari za bidhaa hiyo. Haki hiyo huidai aliye na ushahidi mkononi.

Ama mitumba, tuseme kwa uadilifu: runinga iliyotumika kwa uangalifu yaweza kuwa bora kuliko mpya iliyo dhaifu. Lakini iangaliwe ilikotoka. Umeme wetu ni volti 240. Runinga ya Japani imeundwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja huenda ikaungua papo hapo, na vipokezi vyake ni vya mifumo mingine isiyopata vituo vyetu. Tazama karatasi ya mgongoni: ikiandikwa 100–240V, umeme hautaidhuru. Zilizotoka Uingereza umeme wake ni kama wetu, bali zitazamwe kama zina DVB-T2. Na mjomba aliyeko Muscat au Dubai akitaka kukuletea zawadi, mwombe akupigie picha karatasi hiyo ya mgongoni kabla hajalipia mzigo. Wala si vibaya kumwambia kwamba nauli na ushuru vyaweza kuifanya zawadi iwe ghali kuliko ya Nairobi.

Hesabu ya stima

Kila runinga imeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa saa za kuwashwa kwa siku, kisha kwa siku thelathini, ugawanye kwa elfu moja. Utapata uniti za mwezi. Runinga ya inchi 32 yenye wati 40, ikiwashwa saa sita kila siku, hula uniti 7.2. Ya inchi 43 yenye wati 70 hula 12.6. Ya inchi 55 yenye wati 110 hula 19.8, karibu uniti ishirini. Projekta ya taa yenye wati 250 hula 45.

Fungua ujumbe wa tokeni uliopokea mara ya mwisho, ugawanye pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata, kisha uzidishe kwa hesabu hiyo. Hapo utaijua kodi ya kila mwezi ya runinga yako. Wala usisahau kwamba katika bei za stima zilizoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini zaidi. Familia yenye taa, simu na pasi, ikiongeza uniti ishirini za runinga, yaweza kuvuka mpaka huo, na hapo uniti zote zitapanda bei. Wanaolipa stima pamoja na kodi kwa mwenye nyumba waulize kwanza kama runinga kubwa itawaongezea malipo.

Kuna na ule umeme wa kuunganishwa kichinichini, ambao mitaani huitwa sambaza. Huo tuseme wazi: ni haki ya wengine inayochukuliwa, na nyaya zake zimesababisha moto na vifo katika mitaa ya mabanda. Aidha nguvu yake hupanda na kushuka, na runinga ndiyo ya kwanza kufa. Hata kwa wenye mita halali, nunua kilinda umeme, kile mafundi wakiitacho tivi-gadi. Stima ikirudi ghafla baada ya kukatika, hicho ndicho kinachopokea pigo.

Mlango wa malipo

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, kwa kuwa runinga nyingi za mitaani hazinunuliwi kwa taslimu. Huchukuliwa kwa awamu, kidogo kidogo kila siku kupitia simu.

Tuchukue mfano. Runinga bei yake taslimu ni shilingi 30,000. Kwa awamu waambiwa utoe amana ya 6,000, kisha shilingi 120 kila siku kwa mwaka mmoja. Mia na ishirini ni ndogo, ni bei ya maandazi na chai. Lakini mara siku 365 ni 43,800. Ukiongeza amana ni 49,800. Umelipa takriban elfu ishirini zaidi. Muuzaji hakukudanganya, ila alikupa namba ndogo ukaipenda. Basi kila mara omba namba moja tu: jumla ya yote nitakayolipa mpaka mwisho ni ngapi?

Wengi huuliza kama mauzo ya namna hii ni riba. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililitazama suala hili katika kikao chake cha sita mjini Jeddah mwaka 1990, na uamuzi wake waafikiana na kauli ya wanazuoni walio wengi. Yafaa bei ya kulipa baadaye izidi bei ya taslimu, kwa sharti pande mbili zikubaliane juu ya bei moja na muda maalumu wakati wa kufunga mauzo. Haifai kuachana bila kujua ni bei ipi iliyochukuliwa. Na haifai kabisa kuongeza malipo kwa sababu mnunuzi amechelewa, iwe limeshurutishwa mwanzoni au la. Ziada ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe. Vivyo hivyo, kuchukua mkopo wa simu wenye ada inayoongezeka kila siku ili kulipa taslimu dukani si kukimbia awamu. Ni kuingia katika lililo zito zaidi.

Basi mwenye kulazimika kununua kwa awamu aulize mambo manne. Bei ya jumla ni ipi, na imefungwa? Nikichelewa, je, deni litaongezeka? Kifaa kikizimwa au kikichukuliwa, nilizokwisha lipa zaenda wapi? Na nikimaliza mapema, nitapunguziwa? Majibu yaandikwe. Suratul Baqara, katika aya ndefu kuliko zote za Qur'ani, imetuamrisha kuandika deni, na muuzaji anayekasirika kuombwa karatasi ameshakujibu. Pia ijulikane kwamba sheria ya Kenya ya mauzo ya kukodi hadi kumiliki, Sura ya 507, yasema mnunuzi akishalipa thuluthi mbili za bei, muuzaji hawezi kukichukua kifaa ila kwa kufungua kesi mahakamani. Wengi wamenyang'anywa mali iliyobakia malipo machache kwa kutoijua sheria hii.

Na ipo njia ya mama zetu, ambayo ni ya zamani kuliko maduka ya awamu: mchezo, au chama. Wanawake kumi wa ploti wakichanga shilingi 3,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea 30,000 taslimu. Linganisha: mwenye awamu hutoa 3,600 kwa mwezi, miezi kumi na miwili, na amana juu yake. Mwenye chama hutoa 3,000 kwa miezi kumi, na hapana aliyezidishiwa wala aliyepunjwa. Wakinunua runinga kumi kwa muuzaji mmoja, watapunguziwa bei pia. Shida yake ni subira ya yule wa mwisho, na uaminifu wa yule wa kwanza. Kwa hiyo chama kiwe cha watu wanaojuana, na zamu ziandikwe.

Ikishafika nyumbani

Runinga bapa ni nyepesi na miguu yake ni myembamba. Mtoto wa miaka miwili akiivuta kwa ajili ya katuni, yote huanguka juu yake. Ifungwe ukutani kwa chuma maalumu, au ifungwe kwa kamba imara nyuma ya kabati zito. Kuta za ploti nyingine ni dhaifu; fundi agonge kwanza, na mwenye nyumba aombwe ruhusa kabla ya kutoboa. Isiwekwe karibu na jiko, wala plagi yake isishiriki waya mmoja na pasi na birika.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Katika chumba kimoja hili ni gumu, kwani runinga ikiwaka kwa mmoja imewaka kwa wote. Dawa yake ni ratiba: saa za masomo na za Qur'ani izimwe, na anayeizima awe mtu mmoja anayejulikana. Runinga yenye intaneti itiwe namba ya siri siku ya kwanza, kabla watoto hawajaifahamu kuliko wewe.

Mwisho, jirani. Ukuta wa Kware ni wa tofali moja. Mwenye zamu ya usiku kiwandani hulala mchana, na mama mwenye mtoto mchanga hulala akipata. Haki ya jirani haikupungua kwa kuwa kioo kimekuwa kikubwa.

Tukikusanya yote: kwa chumba kimoja, inchi 43 ya Full HD yenye DVB-T2, antena nzuri na tivi-gadi, ikinunuliwa taslimu kwa pesa ya chama, ni mali itakayodumu miaka na haimwoni mtu vibaya. Kwa sebule ya vyumba viwili, inchi 50 au 55 ya 4K. Projekta iachiwe madrasa, kikundi na ploti. Na familia ambayo mwezi huu karo haijatimia, basi ingoje. Bei ya vyombo hivi kwa kawaida hushuka mwaka baada ya mwaka, lakini muhula wa mtoto ukipita haurudi.

Mwenyezi Mungu azijaze nyumba zetu utulivu na riziki ya halali. Wabillahi tawfiq.